Saladi ya Ngisi Jikoni kwa Mshonaji

Foleni ya duka la samaki ilikuwa imefika mlangoni, na mshonaji wa mashela hakuwa na haja yoyote na samaki. Alikuwa ameingia kukwepa mvua, gauni lake la rangi ya maziwa limelowa mabegani, leso puani. Harufu ilimvaa mwili mzima. Tangu utotoni, chochote kilichotoka majini kilimchafua moyo.

"Nikupe nini, dada?" aliuliza mkata samaki, jamaa mrefu, mwembamba, ambaye wenzake walimwita Msumari. Aproni yake ilikuwa na damu hadi kifuani, lakini tabasamu lake lilikuwa safi.

Mshonaji akanyoosha kidole bila kutazama. "Hicho."

"Ngisi? Kumbe unajua kula."

"Nampenda sana," akadanganya, kwa kuwa macho yale yalimtazama vizuri.

Uongo huo ukamganda. Kila Ijumaa alirudi kununua ngisi, akampa paka wa jirani. Wakaanza kupigiana simu, kisha kutoka pamoja. Msumari alimjia ameoga, shati limenyooka kwa pasi, ananukia sabuni tupu. Miezi mitatu ikapita hivyo, hadi asubuhi moja ya Jumapili simu ikalia.

"Mchana nakuja kukupikia. Saladi ya moto ya vya baharini, na majani ya kila aina. Wewe ukae tu kama malkia."

"Usijisumbue, mpenzi."

"Nisipojisumbua kwako nijisumbue kwa nani?"

Akaja na mfuko unaodondosha maji. Mshonaji alisimama kando ya jiko, akatabasamu hadi mashavu yakamuuma. Msumari alishika kichwa cha ngisi, akakivuta, na matumbo yote yakafuata kwa mlio wa kamasi. Wino ukatapakaa kwenye sinki. Akachokoa utumbo mweusi, mwembamba kama uzi, migongoni mwa kamba wa baharini. Kome wakafunua makombe yao sufuriani mmoja mmoja, kila mmoja na ulimi wake wa rangi ya chungwa. Akakaanga vyote kwa vitunguu saumu, akakamulia ndimu, akavimwaga vikifuka moshi juu ya letasi na spinachi changa. Majani yakanywea. Sahanini likatuama dimbwi la kijivu.

"Onja, malkia."

Alionja. Kipande kiliteleza, kikagoma kutafunika kama raba, kisha kikaachia maji ya chumvi chini ya ulimi. Akakimbilia chumbani, akakitema kwenye leso, akampigia simu dada yake mkubwa.

"Dada, siwezi tena. Miezi mitatu najilazimisha. Harufu yake tu inanitapisha. Nikimgusa, mwili wote unanisisimka."

"Si umwambie ukweli?"

Mlango wa mbele ukafungwa taratibu. Aliporudi jikoni alikuta jiko limezimwa, kisu kimeoshwa, Msumari hayupo.

Alipiga simu hadi akachoka. Siku ya tatu ndipo ujumbe ulipoingia: *Mke wangu wa kwanza aliondoka kwa sababu hiyo hiyo. Sikulaumu.*

Alisoma mara mbili ndipo akaelewa kuwa alisikika chumbani. Akaiacha cherehani, akaenda kupanga foleni dukani, leso puani.

"Nikupe nini?" Msumari aliuliza, macho kwenye kisu.

"Nilikuwa namsema ngisi."

"Ngisi gani?"

"Wa kwenye sahani. Mimi sili samaki. Sijawahi. Hata hawa siwezi kuwatazama."

"Sasa foleni umepanga ya nini, mwanangu?" akauliza mama aliyekuwa nyuma yake.

"Ya huyu, mama."

Msumari akaweka kisu chini. "Na wale ngisi wote?"

"Wameliwa na paka wa jirani. Amenenepa hadi siku hizi hapenyi dirishani."

Watu wakacheka. Msumari hakucheka. "Na mimi je? Sema kweli. Nikiwa hivi nilivyo."

Mshonaji akaishusha leso. "Unanuka. Ukiwa hapa unanuka vibaya, na tumbo limenigeuka tangu mlangoni. Lakini kwa siku hizi tatu nimeshona shela la mtu, mkono wa kulia nikauweka kushoto."

Msumari akaegemea meza ya barafu. "Kazi hii siachi. Ukiolewa na mimi, harufu hii utakuwa nayo."

"Umeniuliza, au umenitangazia?"

"Nimekuuliza."

"Basi nakubali. Ila ngisi nyumbani kwangu haingii."

Hapo ndipo Msumari akacheka, akanyoosha mkono juu ya barafu bila kukumbuka kuufuta. Mshonaji akaupokea. Ulikuwa baridi, una utelezi, na alipouachia, magamba mawili yalikuwa yamemnata kiganjani. Akafumba kiganja, akarudi kazini.