Nani Aliufungua Mlango

Muuguzi alikuwa amelala kifudifudi barabarani, sare yake nyeupe imelowa damu begani. Baiskeli ilikuwa imejikunja ubavuni mwake. Nyuma yake, mbele ya zahanati ya macho, gari dogo la kijani lilikuwa limeegeshwa, mlango wa dereva umeachama wazi.

"Anapumua," alisema mmoja wa wahudumu wa gari la wagonjwa waliomweka kwenye machela, "lakini tusichelewe!" King'ora kikalia, wakaondoka mbio.

Inspekta alifika wakati king'ora kinafifia. Kituoni walimpachika jina la Kwa Nini, na hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Alikuwa mwanamke wa kuuliza mpaka ujute kuwa na mdomo.

"Hii imekwisha, afande," koplo wa trafiki alimwambia. "Mlango ulikuwa wazi muda mrefu, muuguzi kaja kasi bila kutazama, kajibamiza. Kosa lake mwenyewe. Bredauni inakuja kuliondoa gari."

"Nani kasema?"

"Mwenye gari. Daktari wa macho, yule pale."

Daktari alikuwa mrefu kama mlingoti. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri.

"Ulikuwa wapi alipogonga?" Inspekta aliuliza.

"Hapa nje. Nilikuwa nafuta zulia la gari."

"Mlango ukiwa wazi?"

"Wazi kabisa."

"Ulimwona akija?"

"Nilikuwa nimempa mgongo."

"Zulia unalifuta kwa nini?"

"Lilikuwa na vumbi."

Inspekta alichuchumaa. Zulia lilikuwa limejaa vumbi mpaka kwenye pedali. Akautazama mlango. Upande wake wa ndani ulikuwa mzima, hauna hata mchubuko. Kisha akapitisha macho kwenye ukingo, ule wembamba unaotangulia mlango unapofunguka. Hapo rangi ilikuwa imebanduka, bati limebonyea, na mpira mweusi wa usukani wa baiskeli umeganda kwenye kovu.

"Koplo, hebu njoo! Baiskeli ilitokea nyuma ya gari. Mlango ukiwa umeachama hivi, ingegonga wapi?"

"Upande wa ndani, afande."

"Na alama ziko wapi?"

Koplo aliinama, akainuka amekodoa macho. "Ukingoni!"

"Basi mlango haukuwa wazi. Ulikuwa ndiyo kwanza unafunguka, na muuguzi ameshafika usawa wake. Hakuugonga mlango. Mlango ndio uliomgonga."

"Kwa hiyo kosa ni la aliyefungua."

"Ni lake. Sasa tumjue ni nani. Daktari, ingia ukae kwenye usukani."

"Kuna haja gani?"

"Kaa."

Daktari alijikunja, akajaribu kuingia. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele kabisa, magoti yakakwama chini ya usukani hata kabla hajakaa sawasawa. Kioo cha ndani, badala ya kumwonyesha barabara, kilimwonyesha viti vya nyuma.

Wakati huohuo bredauni ilifika, utingo akaruka chini na mnyororo mkononi.

"Wewe! Usiliguse hilo gari!" Inspekta alifoka, na utingo akaganda kama aliyenyooshewa bunduki. Akamgeukia daktari. "Leo hukuendesha wewe. Aliyeendesha ni mfupi kuliko hata mimi. Nani?"

Macho ya daktari yalimsaliti. Yaliteleza mara moja tu kuelekea mlango wa zahanati.

Inspekta alichomoka.

"Humo mna mgonjwa!" daktari alipiga kelele, akimfuata mbio, koplo nyuma yake.

Kwenye chumba cha kungojea alikaa mwanamke mzee, mkoba mapajani, miguu haifiki vizuri sakafuni. Alikuwa na pua na kidevu cha daktari.

"Mama, usiseme kitu!" daktari alisema akihema.

"Shikamoo, mama," Inspekta alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Yule mlevi aliyejigonga kwetu amepata nafuu?"

Inspekta na koplo walitazamana. Inspekta alichukua glasi ya maji mezani, akaisogeza taratibu upande wa kulia wa mama, karibu na shavu. Mama hakupepesa jicho.

"Karibu maji, mama."

Mama aligeuza kichwa chote, akaitafuta glasi. "Loo! Sikuyaona. Upande huu nina ukungu. Mwanangu kasema ni uzee tu."

Koplo alivua kofia.

"Si uzee," daktari alisema, sauti imekauka. "Ni presha ya macho, mama. Upande wa kulia huoni."

"Lakini leseni yangu ulinipima wewe!"

"Nilikupima. Nikaandika kwamba unaona vizuri."

"Kwa nini?" Inspekta aliuliza.

"Baba alipofariki, mama alijifungia ndani, hataki kula, hataki watu. Gari ndilo lililomtoa. Akawa anaendesha kwenda kwa dada zake huku anaimba. Wagonjwa wangu nawaambia ukweli kila siku, Inspekta. Huyu ni mama yangu. Nilishindwa." Alifuta uso kwa kiganja. "Leo nilikaa kando yake. Alifungua mlango, nikasikia kishindo. Nikamkimbiza ndani, nikamwambia ni mlevi kajigonga, nikarudi kuuachamisha mlango, nikasema nilikuwa nje."

"Na kosa ukamtwika binti aliyelala barabarani, asiyeweza kujitetea."

Daktari aliinamisha kichwa. "Ndiyo."

Simu ya koplo ililia. Alisikiliza, uso ukamchanua. "Muuguzi amezinduka, afande! Amevunjika mtulinga, lakini anaongea!"

Inspekta akasema, "Daktari, uko chini ya ulinzi, kwa cheti cha uongo na maelezo ya uongo. Mama, na wewe itabidi utoe maelezo."

Mama alisimama. Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, akigeuza kichwa ili ampate mzima.

"Ulinionea huruma mimi," alisema, "ukamsahau mtoto wa mwenzangu." Akafungua mkoba, akatoa ufunguo wa gari, akamkabidhi Inspekta. "Maelezo nitatoa, mwanangu. Lakini kwanza nipeleke kwa huyo binti. Nataka anijue kwa sura mimi niliyeufungua mlango."