Gofu Jipya la Bwana

Jumanne ile Keziah alikuwa akikanda unga wa mkate mumewe aliporudi kula. Jethro alikuwa mwashi. Mwaka mzima yeye na ndugu yake Obed walimjengea bwana mwenye shamba mnara bustanini, kisha wakaubomoa nusu, maana bwana alitaka gofu la kuwaonyesha wageni. Mawe waliyapaka mtindi ili yaote kuvu upesi na kuonekana ya kale.

"Shemeji, mumeo fundi wa ajabu," Obed, aliyekuja naye kula, alisema akicheka. "Wenzake husifiwa nyumba zikisimama, yeye zikianguka!"

"Nyamaza ule," Jethro alimwambia. "Nimejenga na meko mle gofuni. Nikatia kiatu cha Tamsin kwenye dohani, kama ilivyo ada."

Keziah aliacha kukanda. Katika kila dohani, ile njia ya moshi, pale kijijini kilifichwa kiatu kikuukuu cha mtu wa nyumba ile, ili nyumba iwajue walio wake.

"Cha mwanangu? Pale anaishi nani?"

"Hakuna mtu."

"Basi umempa nani, Jethro?"

Tamsin alikuwa na miaka sita. Kuanzia Jumatano hakugusa chakula.

"Nimeshiba, mama. Nimekula nyumbani."

Kila adhuhuri walimkuta gofuni, mbele ya meko ambayo haijapata kuwashwa, amenyoosha mikono kama anayeota moto. Viganja vyake vilikuwa vya joto.

Jumamosi, Keziah alipomfunika blanketi, mtoto alimtazama kwa adabu, kama mgeni.

"Asante kwa kunilaza, mama. Kesho nakwenda kwetu."

Keziah hakulia. Alikunja nguo za mtoto, akazikunjua, akazikunja tena.

Jumapili, watu wakiwa kanisani, Keziah na Jethro walikwenda na mtoto kukitoa kile kiatu. Jua lilikuwa limewaka. Tamsin alikaa kizingitini. Jethro alichomoa jiwe la dohani, akaingiza mkono mpaka kwapani.

"Kipo?" Keziah alinong'ona.

"Hakipo."

"Tafuta."

"Keziah. Hakipo."

Waligeuka. Kizingiti kilikuwa kitupu.

Bustani yote ilikuwa nyasi fupi. Hapakuwa na kichaka cha kuficha hata paka. Waliita. Waliita tena. Hakuna aliyeitika.

Keziah aliegemea mwimo wa jiwe wa mlango. Vidole vyake viligusa mikwaruzo. Akakwangua kuvu kwa kucha. Zilikuwa alama, zile ambazo wazazi huchora wakiwapima watoto wao kimo. Ya chini ilikuwa kimo cha Tamsin barabara. Juu yake palikuwa na nyingine. Na nyingine.

"Umezichora wewe?"

Jethro alitikisa kichwa.

Alama ya juu kabisa ilimpita Keziah utosini. Hiyo haikuwa na kuvu. Vumbi jeupe la jiwe lilikuwa bado linadondoka.