Kifungo cha Pili

Haya yalimpata rafiki yangu fundi umeme, tunayemwita Shoti. Yeye hufanyia utani kila kitu, lakini hili hathubutu.

Asubuhi hiyo kifungo cha pili cha shati lake kilidondoka. Mkewe akakiokota, akakitia kwenye kopo lake la sindano. "Nenda tu, baba watoto. Nitakishona ukirudi."

Shoti akaenda kwa mteja mmoja ambaye soketi ya stoo yake iliharibika kila mumewe aliposafiri. Stoo haikuwa na dirisha. Akazima swichi kuu iliyokuwa mlemle ndani, giza likawa totoro. Mara marashi yakaingia, na sauti ya mama mwenye nyumba mlangoni, nyuma yake.

"Fundi, leo huna haraka, sivyo?"

Moyo ulimwambia aondoke, miguu ikagoma. "Sina," akajibu.

Hapo akahisi vidole vya baridi kifuani, shati likivutwa taratibu. Akafumba macho. Kisha, chini kidogo ya kidevu chake, akasikia meno yakikata uzi.

Akapapasa swichi, akawasha. Yule mama alikuwa bado amesimama mlangoni.

"Fundi, umekata nini?"

Shoti akainamisha kichwa. Kifungo kilikuwa mahali pake, kimeshonwa vizuri, na ncha ya uzi ilikuwa bado imelowa mate.