Gunia Lililokwenda na Maji

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Zubaida alibeba gunia la taka hadi kando ya barabara ya Kalerwe, mahali lori la taka la baraza la mji lilipozoea kusimama. Ndani mlikuwa na maganda ya matoke, majivu, na mabaki ya ukindu wa rangi ambao bibi yake, Haboba, aliutumia kusukia kawa za kufunikia vyakula. Wiki ile lori halikuonekana. Zubaida alisubiri, kisha akalirudisha gunia nyumbani, likizidi kunuka.

"Hilo gunia sasa ni mtu wa ukoo wenu," rafiki yake Aluoch alimtania. "Mpe jina."

"Nitampa lako."

Aluoch na mama yake, waliotoka Kisumu, waliishi bondeni, kando ya mtaro mkubwa. Chumba chao cha mbele kilikuwa duka la unga.

Alhamisi jioni mawingu yalitanda. Matone ya kwanza yalipoanguka, majirani walifanya kama walivyofanya siku zote: walitoka mbio na mifuko yao ya taka, wakaimwaga mtaroni ili maji yaichukue. Haboba hakuipenda tabia hiyo. "Letu litangoja lori," alikuwa amesema. Lakini sasa Haboba alikuwa akiswali Magharibi, na Zubaida alikuwa amechoshwa na harufu. Alikimbia, akalitupa gunia zima. Lilielea, likapinda kona, likatoweka. Alirudi nyumbani akijiona mwerevu.

Asubuhi alimpitia Aluoch waende shule. Alimkuta miguu mitupu, akichota maji dukani kwa sufuria. Mtaro ulikuwa umefurika. Mama Aluoch alikuwa akipapasa magunia ya unga moja baada ya jingine, akitafuta lililobaki kavu. Hakulipata.

Nje, afande Onen, mkaguzi wa usafi wa baraza, alikuwa akichokoa uchafu kwenye mdomo wa kalavati, pale maji yanapopita chini ya barabara. Gunia lilikuwa limekwama kwenye vyuma na kupasuka. Ukindu mwekundu na wa zambarau ulikuwa umejisokota humo, ukanasa kila kilichofuata.

Zubaida aliutambua akiwa bado mbali.

"Sheria inasema kila mwenye duka asafishe mbele ya mlango wake," Onen alisema. "Taka ziko kwako, mama. Jumatatu utafika ofisini kujibu shtaka."

"Afande, nitupe taka ili nizamishe unga wangu mwenyewe?"

"Sikatai. Lakini wakaguzi tuko wawili tu, na mtaro huu unapita mitaa mingi. Aliyetupa simjui. Wewe nakuona."

Aluoch aliutazama ukindu, kisha akamtazama Zubaida. Zubaida angeweza kushika njia ya shule, na shtaka lingebaki kwa Mama Aluoch.

"Ni letu," alisema. "Nililitupa mimi jana. Haboba hakujua."

Haboba aliitwa. Hakumtetea mjukuu wake, wala hakumfokea mbele za watu. Aliinama, akaanza kuukata ukindu kwenye vyuma kwa kisu chake cha kazi.

Onen alifuta shtaka la Mama Aluoch. Aliagiza Zubaida na bibi yake walisafishe kalavati kila Jumamosi hadi msimu wa mvua uishe, na majirani wote waweke taka zao chini ya banda moja kando ya barabara hadi lori lije. Hakuficha kwamba lori lingeweza kuchelewa tena.

"Watu wengi walitupa," Zubaida alisema kwa sauti ndogo.

"Najua," Onen alijibu. "Na kila mmoja alidhani maji yanakwenda mahali pasipo na watu. Hapa ndipo yanapokwenda."

Zubaida alimgeukia Mama Aluoch. "Nisamehe, mama."

Mama Aluoch alikuwa ameshika bonge la unga ulioganda.

"Nimekusamehe, mwanangu. Umesema kweli wakati ungeweza kunyamaza, na umeniondolea shtaka. Lakini unga huu siwezi kuukausha, na duka sitalifungua tena hivi karibuni. Kukiri kwako kumeondoa lawama tu, hasara bado iko hapa. Siku nyingine fikiri wakati kitu kingali mkononi mwako."