Anaclet Alifunga, Dawa Yake Haikufunga

Mume wangu Anaclet ni seremala, na kichwa chake ni kigumu kuliko mbao zake. Tunaishi Kasha, huko Bagira, pembeni mwa mji wa Bukavu. Mambo haya yalitokea wakati wa vita. Barabara ya Walungu ilikuwa imefungwa. Dada yake Anaclet alikuwa huko, na hatukuwa na habari zake.

Kila asubuhi niliwasha makaa na kupika uji. Anaclet alimeza dawa yake ya ugonjwa wa sukari, kisha akala. Daktari alimwambia, "Usikose dawa hata siku moja." Na kweli hakosi. Hilo namsifu, maana mengine ya kumsifu ni machache.

Kisha Kwaresima ikafika. Shirika letu, yaani majirani Wakatoliki tunaosali pamoja nyumba kwa nyumba, likaamua kufunga kila Ijumaa ili kuomba amani. Mkubwa wa shirika ni nani? Ni Anaclet. Basi bila shaka yeye ndiye alitaka kufunga kuliko wote.

"Papa Aganze," nilimwambia Ijumaa ya kwanza, nikimwita kwa jina la mtoto wetu, "wee uko mugonjwa. Kunywa hata uji kidogo."

"Bantu banakufa kule Walungu, na mi nikunywe uji?"

"Uji yako itaua nani?"

"Yesu alifunga siku makumi ine."

"Yesu hakumezaka dawa ya sukari!"

Alicheka. Akameza dawa yake kwa maji matupu, akaenda kazini. Kama vita vingeisha kwa tumbo la Anaclet, vingekuwa vimeisha zamani.

Alasiri tulikutana kwa jirani yetu Agathe. Agathe ni mjane, anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni. Baada ya sala alitumiminia chai ili tufungue. Sukari ilikuwa haba siku zile, lakini yeye alikuwa ameipata kidogo. Aliiweka mezani katika bakuli. Anaclet alichukua chai yake bila sukari, kama kawaida. Akanywa kidogo.

Mara mikono yake ikaanza kutetemeka. Kikombe kikaanguka. Jasho likamtoka, shati likalowa.

"Papa Aganze, iko nini?" nikauliza.

Alinitazama kama mtu asiyenijua. "Bafunge mulango," akasema. "Baaskari banaingia."

Hapakuwa na askari hata mmoja.

Ndugu yake mdogo, Théodore, akaruka kutoka kitini. "Karuho!" akapiga kelele. "Bamemupa karuho!"

Kwetu karuho ni sumu. Watu wanaamini kwamba mtu mbaya anaiweka kwa siri katika chakula au kinywaji. Mtu akishasemwa kwamba anawapa wengine karuho, ameharibikiwa. Anaweza kupigwa. Anaweza kufukuzwa.

"Théodore!" Agathe akalia. "Chai tumekunywa bote! Birika iko moja!"

"Lakini kikombe yake njo wee ulimupa!"

Wengine wakasema Anaclet abebwe mpaka kwa mzee mmoja anayetapisha watu kwa majani. Wakaanza kubishana nani atashika miguu. Mimi sikungoja. Nilikimbia nyuma ya nyumba kumwita Mélanie. Yeye ni muuguzi wa kituo cha afya, na alikuwa anafua nguo. Alikuja na povu mikononi.

"Amekula nini leo?" akauliza.

"Hakuna kitu. Anafunga."

"Na dawa yake?"

"Amemeza asubuhi."

Mélanie akapiga ulimi. "Leteni sukari. Mbio!"

Théodore akashika bakuli la sukari, akalikumbatia kifuani. "Sukari? Kwa mugonjwa wa sukari? Unataka kumumaliza?"

"Sukari yake imeshuka, Théodore! Ikishuka zaidi atazimia. Leta!"

"Siachi!"

Mume wangu alikuwa anapotea mbele ya macho yangu, na huyu analinda bakuli. Nilimnyang'anya. Siwezi kusema kwamba nilifanya kwa heshima.

Agathe alikoroga sukari nyingi katika kikombe cha maji. Mélanie alihakikisha kwamba Anaclet anaweza kumeza. Kisha akamnywesha polepole. Tukangoja. Mikono ikatulia. Jasho likakauka. Anaclet akatutazama mmoja mmoja.

"Juu ya nini munaniangalia hivi?" akauliza.

Nilitaka kumkumbatia, na nilitaka kumpiga kofi.

Mélanie akamwambia ale. Agathe akaleta bugali na maharagi. Anaclet alipokuwa anakula, Théodore hakunyamaza.

"Maman Mélanie, sukari njo ugonjwa yake. Namna gani sukari imuponyeshe?"

"Kaa, nikuelezee," Mélanie akasema. "Damu inahitaji sukari ya kiasi. Ikiwa mingi, ni mubaya. Ikiwa kidogo sana, ni mubaya pia. Nyuma ya tumbo kuko kiungo, jina yake kongosho. Ukikula, sukari inapanda katika damu. Kongosho inatoa homoni, jina yake insulini."

"Homoni ni nini?" Agathe akauliza.

"Ni kitu mwili inatengeneza yenyewe na kutuma katika damu, ipeleke amri. Amri ya insulini ni hii: sukari itoke katika damu, iingie katika misuli. Ingine iwekwe akiba katika ini."

"Na kama mutu hakukula?"

"Kongosho inapunguza insulini. Inatoa homoni ingine, glukagoni. Ile inaambia ini: toa akiba. Njo maana wee Agathe umefunga kutwa nzima na hukuanguka."

"Mi pia nina ini," Anaclet akasema, mdomo umejaa maharagi.

"Ndiyo, papa. Lakini kwako kazi ya insulini imeharibika. Juu ya ile unapewa dawa. Dawa yako inasukuma kongosho itoe insulini zaidi. Na dawa haijue kama umekula ao hapana. Leo umeimeza, umeacha chakula. Dawa imesukuma tu. Insulini imeendelea kutoa sukari katika damu, na ini ikazuiwa kutoa akiba ya kutosha. Sukari ikashuka, ikashuka."

"Na kutetemeka kwake?" nikauliza.

"Ile ni ubongo inaomba musaada. Ubongo inaishi kwa sukari. Ikisikia sukari inapungua, inatuma habari kupitia mishipa ya fahamu. Habari inafika kwa tezi mbili zenye kukaa juu ya mafigo. Zile zinatoa homoni ya adrenalini. Moyo inakimbia. Jasho inatoka. Mikono inatetemeka. Njaa inauma. Adrenalini inasukuma pia ini itoe sukari. Ukiona vile, ni mwili inakuambia: kula sasa! Usipokula, ubongo inachoka, unaanza kuongea ovyo ovyo."

"Aliona baaskari," nikasema.

"Unaona? Na mutu akizimia kabisa, musimumwagie kitu mu kinywa, itamupalia. Mumulaze kwa ubavu, mumukimbize hopitali."

Anaclet akaweka kijiko chini. "Basi, mi naacha dawa."

Nikashika kichwa changu kwa mikono miwili. Mungu wangu, mtu huyu!

"Ukiacha, sukari itapanda," Mélanie akasema. "Itaharibu macho yako na mafigo. Dawa na chakula vinatembea pamoja. Na kama unataka kufunga, uliza kwanza daktari."

Mnafikiri mambo yaliisha hapo? Hayakuisha. Neno karuho lilikuwa limeshatoka nyumbani, na neno likitoka halirudi. Siku ya soko hakuna mtu aliyenunua sambaza kwa Agathe. Alirudi na beseni lake limejaa, samaki wananuka. Mtu alirusha mawe juu ya mabati yake. Agathe akaacha kuja kusali.

"Nenda useme ukweli," nilimwambia Anaclet.

"Nitasema nini? Mukubwa wa shirika ameangushwa na njaa?"

"Kwa hiyo Agathe akufe njaa, juu ya haya yako?"

Aligonga misumari. Nilikuwa na hasira mpaka chumvi nilisahau kuweka katika mboga, na hakuthubutu kulalamika. Nilienda mwenyewe kwa padri. Padri alimwita, akamwambia kwamba Kanisa halimlazimishi mgonjwa kufunga chakula. "Papa Anaclet, kama unataka kufunga," akasema, "funga ubishi."

Ijumaa iliyofuata shirika lilikutana kwetu. Agathe hakuja. Sala ilipoisha, Anaclet alisimama, akatoka nje. Tulimwona akipanda njia ya kwa Agathe. Walichelewa. Walirudi pamoja, Agathe amebeba sahani ya bugali na sambaza, macho yake chini.

Anaclet akakaa katikati yetu. Saa ya kufungua ilikuwa bado.

"Bandugu," akasema, "sikukula karuho. Nilimeza dawa, nikakataa chakula. Bibi yangu huyu aliniambia, sikusikia. Maman Agathe hakunitendea mubaya. Niliwaacha mumuseme, kwa sababu niliona haya. Munisamehe, na yeye anisamehe."

Kisha akanawa mikono, akaanza kula. Mkubwa wa kufunga alikula mbele ya watu wote wanaofunga. Alikula chakula cha mkono wa Agathe, tonge kwa tonge, na sisi tukamtazama.

Théodore alikuwa amekaa karibu na mlango. Naye alikuwa anafunga. Akainuka, akaja, akachuchumaa mbele ya kaka yake. Akanyoosha mkono, akachukua sambaza katika sahani ile ile, akala.

"Maman Agathe," akasema, "nilikukosea."

Agathe akafunika uso kwa kitenge chake, akalia kwa sauti.

Tangu siku hiyo Anaclet hamezi dawa kabla ya kuona chakula mezani. Hajaanguka tena. Bado ananibishia kila asubuhi, lakini anabisha akiwa ameshiba. Na siku ya soko iliyofuata, wanawake wa shirika lote walipanga mstari kwa Agathe. Mimi nilichelewa, nikakuta sambaza zimeisha.