Safari Isiyo na Matanga

Kila Jumamosi asubuhi Ayuma alikaa juu ya kreti iliyopinduliwa, kwenye kibanda cha mama yake katika soko la Jericho, Nairobi, akachambua mrenda. Kazi yenyewe haikuwa ngumu, ila ilitaka subira: kunyofoa majani, kutupa mashina, kisha kuanza tena. Mama yake, ambaye soko zima lilimwita Mama Shiundu, aliuza mboga za kienyeji. Wateja wake wengi walikuwa watu wa magharibi waliotoka hata Makongeni, kwa sababu mrenda wake ulifika mbichi. Magunia yaliletwa na basi la usiku kutoka Kakamega, na yalipofunguliwa asubuhi udongo mwekundu ulikuwa bado umeganda mizizini.

Ayuma aliupenda udongo ule kuliko alivyoweza kumweleza mtu. Aliusugua kati ya vidole akaunusa. "Hizi mboga zinasafiri kuliko sisi," alimwambia mama yake Jumamosi moja ya mwisho wa Julai. Mama alicheka, akamwambia afanye haraka kwa kuwa wateja wa mchana walikuwa njiani.

Lakini Ayuma hakuwa anatania. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kwa nyanya yake, kule Kakamega, mbele ya Khayega, alikuwa amefika mara chache tu. Mara zote walikwenda kwa basi la kukodi lililofungwa matawi mbele, limejaa watu wa mtaa wakiimba nyimbo za kanisa. Safari ya kwanza walimzika babu. Nyingine walimzika baba mkubwa, na ya mwisho binamu. Walifika alfajiri, wakazika, wakala, wakarudi Nairobi mbio ili watu wawahi kazini.

Kila mara nyanya, ambaye wote walimwita Kukhu, alikuwa ameketi kwenye mkeka na leso kichwani, macho yamevimba. Huyo ndiye Kukhu ambaye Ayuma alimjua kwa macho. Yule mwingine, wa Jumapili jioni kwenye simu, anayetania na kucheka hadi anakohoa, hakuwahi kumwona. Ndiye aliyemtamani. Usiku mwingine alijaribu kuuwaza uso wake ukicheka, na kila alipojaribu uliomjia ulikuwa ule wa kwenye mkeka. Jambo hilo lilimuumiza.

Wiki hiyohiyo baba yake, Andati, alipewa likizo kiwandani. Alirudi nyumbani akitabasamu, akatangaza mezani kwamba mwaka huu familia ingekwenda Mombasa kwa treni. Alikuwa amechoka, alisema, kusikiliza wenzake wakisimulia pwani kana kwamba yeye peke yake ndiye hajui maji ya chumvi. Shiundu, kaka yake Ayuma, aliruka kitini. Kabla ya chai kupoa, vijana wote wa safu yao ya nyumba walikuwa wamekwisha kujua. Ayuma alijaribu kufurahi, akashindwa. Aliona aibu kwa kushindwa huko, maana ni mtoto gani asiyetaka kuona bahari?

Kesho yake alimweleza Kamene, rafiki yake wa jirani, walipokuwa wakingoja maji kwenye mfereji. Familia ya Kamene ilikuwa imekwenda Mombasa mwezi wa Aprili, na picha zake zilikuwa zimeangaliwa na darasa zima.

"We Ayuma, uko na bahati na hujui," Kamene alisema. "Mimi ningeenda tena hata kesho."

"Mimi nataka kwenda ushago, kwa Kukhu."

"Ushago?" Kamene alimwangalia kwa huruma. "Kwani nani amekufa?"

Ayuma alibeba mtungi wake akaondoka. Jioni alimuuliza mama yake kama wangeweza kwenda kwa Kukhu badala ya Mombasa, na mama naye, bila kufikiri, akashtuka na kuuliza ni nani aliyempigia simu na habari mbaya. Ndivyo watu wa mitaa yao walivyozoea. Nyumbani palikuwa mahali pa kupeleka jeneza.

Jumapili Kukhu alipiga simu kama kawaida. Alisema mahindi yamekomaa na parachichi zinaanguka zenyewe, hakuna wa kuzila isipokuwa ndege. Ayuma alimuuliza kama amewakumbuka.

"Nawakumbuka, lakini sina wasiwasi," Kukhu alisema kwa sauti yake ya utani. "Siku yangu ikifika mtakuja wote, na basi kubwa. Mtaimba vizuri. Bahati mbaya mimi sitasikia."

Kukhu alicheka. Ayuma hakucheka. Alimrudishia baba simu, akatoka nje na kukaa kwenye ngazi ya mlango. Baada ya muda baba alitoka akamfuata.

"Baba," Ayuma alisema, "mbona sisi huenda kwa Kukhu mtu akifa tu?"

Andati aliketi kando yake. Alimweleza huku akiangalia nguo za majirani zilizoanikwa. Kwa desturi yao, mwanamume aliyeoa haruhusiwi kulala katika nyumba ya mama yake, wala mkewe haruhusiwi. Sharti awe na nyumba yake bomani. Yeye alianza kujenga mwaka babu alipokufa, akasimamisha nguzo na kuzifunga fito, kisha akaziacha hivyo, akisubiri siku atakapokuwa na uwezo wa kujenga nyumba ya mawe ya kuwafumba watu vinywa.

"Kwenye matanga hakuna anayekuuliza umelala wapi," alisema. "Kila mtu anakesha kwenye moto. Lakini siku za kawaida, nitaingia pale nikalale wapi? Watu wataziona zile nguzo, waniangalie mimi. Naona haya, Ayuma. Hiyo ndiyo sababu. Si kwamba simpendi mama."

"Kukhu hajali nyumba ya mawe," Ayuma alisema. "Anataka watu wa kula parachichi."

Baba alicheka kidogo, na Ayuma akaona amefuta jicho. Usiku ule yeye na mama walizungumza kwa muda mrefu chumbani. Asubuhi baba alitangaza kwamba Mombasa ingengoja. Fedha zilizowekwa kwa ajili ya bahari zingenunua mabati, na wao wote wangekwenda kukandika nyumba ya udongo. Shiundu alihisi dunia imemgeuka. Aliwaza atakavyowaambia vijana wa mtaa, akamnunia dada yake kutwa, kesho yake pia, na hata ndani ya basi aligeuza uso dirishani hadi walipopita Nakuru.

Andati alikuwa amemwarifu binamu yake Shivachi peke yake, ambaye angewapa pa kulala hadi nyumba iishe. Kukhu hakuambiwa, kwa sababu Andati alitaka kumfurahisha kwa ghafla. Hapo alikosea, na ni kosa ambalo mtu wa mitaa yao tu angeweza kulifanya.

Walifika alasiri. Kukhu alikuwa akivuna mahindi kando ya boma. Aliinua kichwa akawaona wamesimama langoni, mwanawe, mkamwana na wajukuu, wote wamebeba mizigo, siku ya katikati ya wiki. Aliangusha kapu lake. Akashika kichwa kwa mikono miwili, akapiga yowe lililovuka mto.

"Ni nani?" alilia. "Niambieni ni nani."

Kabla Andati hajafungua kinywa, majirani walikwisha kuitikia. Wanawake walikuja wakikimbia na kulia, leso zimefungwa viunoni. Wanaume walikuja na viti vichwani. Mzee mmoja alibeba kuni kabisa, za moto wa matanga, akaziweka katikati ya ua na kuvua kofia. Ayuma alishikwa na hofu. Mbele yake, juu ya nyasi, alikuwa ameketi Kukhu yuleyule wa siku zote, analia.

Alimkimbilia, akapiga magoti na kumshika mashavu. "Kukhu, hakuna aliyekufa. Tumekuja kukusalimia tu."

"Mmekuja kufanya nini?" mzee wa kuni aliuliza, haamini masikio yake.

"Kumsalimia mama," Andati alisema mbele ya umati wote. "Na kujenga nyumba yangu."

Kisha Kukhu akaanza kucheka. Alianza polepole, mabega yakitikisika, machozi bado mashavuni, kisha akacheka kwa nguvu hadi akamwegemea Ayuma asije akaanguka, na majirani nao wakacheka, wakipigana makofi mgongoni. Alikuwa na pengo upande wa kushoto, na macho yake yalijifumba kabisa alipocheka. Ayuma alimwangalia asiweze kubandua macho. Kuni hazikurudishwa. Zilipikia ugali na kuku, na watu wakala matanga ya mtu asiyekuwepo.

Siku zilizofuata zilikuwa za kazi. Nguzo zilizooza zilibadilishwa, vijana wakafunga fito mpya, fundi akapiga mabati. Watoto walikanyaga udongo na maji ndani ya shimo hadi ukalainika. Shiundu alisimama kando siku ya kwanza, amekunja mikono, akitunza viatu vyake vyeupe. Siku ya pili mtoto mdogo wa Shivachi alimuuliza kwa upole kama watu wa Nairobi hawana nguvu za miguu. Shiundu alivua viatu. Jioni alikuwa na udongo hadi masikioni, akiwafundisha wengine mtindo wa kucheza uliovuma Jericho, wote shimoni, na Kukhu akiwapigia makofi. Andati mwenye haya zake alikandika ukuta kwa mikono, na hakuna aliyemsema. Watu walimletea uji.

Nyumba ilipomalizika ilikuwa ndogo, ya vyumba viwili, ukuta bado una unyevu. Jioni yao ya mwisho walikaa mlangoni wakila mahindi ya kuchoma, na Andati akawaita watoto karibu.

"Miaka mingi nilidhani safari nzuri ni ile ambayo watu wakiisikia wanakuonea wivu," alisema. "Nilikuwa natafuta safari ya wenzangu wa kiwandani. Ayuma amenifundisha kwamba mtu hujiuliza kwanza anampenda nani na anathamini nini, ndipo aulize basi linakwenda wapi. Ukisafiri kwa kufuata moyo wako, hata kukanyaga udongo ni raha. Ukisafiri ili uonekane, hata baharini utachoka." Alimgeukia Shiundu. "Nawe niliona ulivyonuna. Wewe unapenda meli tangu utotoni. Tutakwenda Mombasa uone bandari, na siku hiyo tutakwenda kwa ajili yako, si kwa ajili ya majirani."

Shiundu alikubali kwa kichwa. Alisema hakuwa amekasirika tena, ila mikono ilikuwa inamuuma.

Asubuhi Kukhu aliwasindikiza hadi barabarani. Basi lilikuwa halijafika, kwa hiyo Ayuma naye akamsindikiza Kukhu kurudi hadi langoni. Langoni Kukhu alisema mtoto hawezi kurudi peke yake, akamsindikiza tena barabarani. Wangeendelea hivyo kutwa kama basi lisingepiga honi. Kukhu alimkumbatia, akamwambia njia sasa wanaijua, kisha akasimama kando ya barabara akipunga leso hadi kona ilipomficha.

Ayuma alianza kulia. Mwanamke aliyeketi kiti cha pili alimgeukia kwa huruma, akampa kitambaa, akamwambia pole, Mungu atawatia nguvu, na akamuuliza walikuwa wamemzika nani.

"Hatukumzika mtu," Ayuma alisema huku akifuta macho. "Nalia kwa sababu Kukhu yuko."