Shavu la Kuazima

Nzi alitua juu ya kioo cha simu, juu ya shavu la marehemu, akaanza kulamba.

Nereah akampungia mkono. Nzi akaruka, akazunguka, akarudi palepale. Alikuwa nzi wa kijani, mnene, wa aina ile inayoshinda nyuma ya machinjio; na katika picha nzima, yenye kilemba na gauni la gomesi na ukuta uliochakaa, hakutaka pengine ila shavu la kushoto, mahali ambapo Nereah alikuwa ametoka kupasafisha. Kioo hakina harufu wala ladha. Akakifuta kwa kitambaa cha miwani, akakifuta tena kwa spiriti. Nzi akangoja ukutani hadi alipomaliza, kisha akarudi mezani pake.

Mpakani Busia, upande wa Kenya, hapakuwa na mpiga picha aliyeaminiwa kama Nereah, naye hakuwa na kamera yoyote ila simu yake. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja lililotazama mashariki, na sheria zake zilikuwa chache na kali. "Futa lenzi kwanza, ndipo useme kamera ni mbaya," angewaambia wateja. "Uso upe dirisha, usilipe mgongo. Na simu iwe usawa wa macho. Ukimpiga mtu kutoka chini, hata malaika atatoka na pua ya nguruwe." Watu walicheka, wakatii. Lakini sifa yake kubwa ilikuwa usafishaji. Katika programu yake ya kuhariri palikuwa na chombo cha kiraka: unagusa mahali pasafi, kisha unagusa mahali pachafu, nacho chombo kinachukua ngozi ya huku na kuifunika kule. Chunusi, makovu, vipele vya ndevu, vyote vilifutika chini ya ncha ya kidole chake, naye hakuiachia kazi mpaka uso umekuwa kama yai lililomenywa.

Picha ile aliletewa na Odoi, mtu wa kupitisha mizigo mpakani, mwenyeji wa Kisoko, ng'ambo, upande wa Tororo. Mama yake, Bibi Athieno, alikuwa amefariki.

"Madam, mimi nataka picha ya bango," Odoi alikuwa amesema, macho yake yakikwepa simu yake mwenyewe. "Iko moja tu. Lakini safisha. Safisha sana."

Ilikuwa imepigwa kutoka mlangoni, kwa haraka, kama mtu apigaye picha ya ajali. Bibi kizee alikuwa ameketi kitandani. Shavu la kushoto halikuwapo. Mahali pake palikuwa na shimo lenye kingo nyeusi, lenye unyevu wa njano uliotiririka hadi kidevuni, na ndani ya shimo hilo magego yalionekana wazi, ilhali mdomo ulikuwa umefumbwa. Upande wa kulia ulifunikwa na kitambaa.

Katika picha ile hapakuwa na ngozi safi hata ya kufunikia ukucha. Akatafuta nyingine katika simu yake, iliyopigwa kwenye nuru ya upande uleule, maana kiraka cha nuru tofauti hujulikana hata na kipofu. Iliyofaa ilikuwa moja: ya Cate, bintiye wa miaka mitano, amesimama dirishani akicheka. Akagusa shavu la mtoto. Akaligusa shimo la maiti. Akalitia rangi ya uzee na mikunjo kidogo, nalo likakaa kama limezaliwa pale.

Kwao Nereah, Usamia, maiti akivishwa nguo, wanawake huikagua kila pindo, kwa maana hata uzi wa vazi la aliye hai hauruhusiwi kuingia kaburini: kilichozikwa humvuta mwenyewe. Nereah aliijua mila hiyo tangu utotoni. Hakufikiri kwamba inahusu picha. Akamtumia Odoi kazi yake, na Odoi akaiweka kwenye stetasi ya simu yake, ukoo wote uione, saa ileile.

Kipele kilimtoka Cate siku iliyofuata, shavu la kushoto.

"Ni mbu huyo, Mama Cate," alisema Rasto, mumewe. "Unaanza kumtazama mtoto kama picha."

Lakini mbu gani huyu, ambaye alama yake ilikuwa laini kama ndizi iliyooza, na ambayo ulipoibonyeza ilibaki imebonyea? Kipele kikawa jipu, jipu likafumbuka bila kuiva, na chumba kikaingia harufu ambayo Nereah hakuwa na jina lake: ilikuwa na utamu kidogo, kama uji uliochacha, na chini ya utamu huo palikuwa na kitu kingine, cha kale, cha godoro lisilogeuzwa. Nzi wa kijani hakuhangaika tena na simu.

"Mama," mtoto alinong'ona mchana mmoja, akiwa amelala ubavu mkekani, "mwambie bibi aache kunishika."

"Bibi gani, mamangu?"

"Huyu. Mkono wake ni wa baridi. Anaingiza kidole."

Nereah akageuka. Nyuma ya mtoto mkeka ulikuwa mtupu, mwanga wa saa saba umejaa chumba, hapana pembe yenye giza la kujificha hata panya. Lakini shavu la mtoto, mbele ya macho yake, lilididimia taratibu, likabonyea kana kwamba ncha ya kidole imelikandamiza, kisha kidole kikavutwa, na pale kilipotoka pakabaki uzi mrefu wa usaha, umesimama hewani kabla ya kukatika.

Kwenye zahanati nesi alifunika pua, akasema ni jipu baya. Alikamua, akafuta, akaona kitu cheupe kimechungulia kidondani. Akakishika kwa koleo, akavuta. Kilikuja, kikaendelea kuja, kirefu kuliko mkono wa mtoto. Ulikuwa unywele wa mvi.

"Huyu mtoto analala na nani?" aliuliza nesi kwa sauti ya chini.

Nereah akamfunika mtoto leso, akatoka naye. Nje ya zahanati akaifungua ile picha. Bibi Athieno alikuwa amenawiri. Shavu lake, ambalo Nereah alilitia mikunjo kwa kidole chake mwenyewe, sasa lilikuwa limejaa, laini, lenye damu. Na katikati yake palikuwa na kishimo kidogo cha kicheko. Kishimo kile alikifahamu. Alikuwa amekibusu kila asubuhi kwa miaka mitano.

Akaifuta picha. Akaifuta na kwenye kapu la taka la simu. Chini ya leso aliyomfunika mtoto, ngozi ikatoa mlio mdogo kama karatasi mbichi inayochanwa, na doa jipya la njano likaenea kwenye kitambaa hadi sikioni. Hapo akaelewa kwamba picha haikuwa yake tena ya kufuta. Ilikuwa kwenye simu za ukoo mzima, kutoka Nabuyoga hadi Nairobi, na kwa kila aliyesema "mama alikuwa mzuri," kipande cha mwanawe kilikuwa kikienda.

Hakumngoja Rasto. Alivuka mpaka na mtoto mgongoni, akapanda bodaboda mpaka Kisoko.

Msiba ulikuwa umejaa. Mahema, moshi, sufuria za posho, ugali wa huko, wanaume wakibishana kuhusu jenereta. Mwanamke mwembamba aliyebeba ndoo alipita karibu yake, akasimama ghafla, akanusa.

"Hiyo harufu mimi najua," alisema. Alikuwa Loy, mke wa Odoi. Akamvuta Nereah nyuma ya jiko, akaifunua leso. Hakushtuka. Macho yake yalijaa machozi tu. "Yesu. Hii si ugonjwa ya mtoto. Hii nimeosha mimi, kwa hii mikono yangu, mwaka mzima. Wewe umefanya nini, dada?"

Nereah akamweleza, akinong'ona, maneno yakimtoka vipandevipande: kiraka, shavu, mtoto.

Loy akatazama pande zote kabla ya kusema. "Sikiliza. Mama alikuwa anaita Odoi kila siku. 'Kuja, nishike hapa tu, mara moja.' Odoi anasimama kwa mlango, kitambaa kwa pua, anauliza kama dawa imefika, anakwenda. Siku ya mwisho mama alisema, yule mtu nilibeba kwa tumbo, lazima atanipa shavu yake kwa shavu yangu. Sisi tulifikiri ni homa inasema." Akaifunika leso. "Yeye hakuitisha mtoto yako. Wewe ndiye ulimpa. Yeye anachukua tu ile ameletewa."

Odoi alikuwa sebuleni, amevaa suti, akitoa amri kwenye simu. Nereah akapiga magoti mbele yake kama wafanyavyo wanawake wa upande ule, ingawa kwao hakuna aliyepigiwa magoti.

"Mzee, nakuomba. Weka picha ya kweli. Ile ya mwanzo. Mwanangu anaoza."

"Unataka watu watapike kwa chakula yangu?" Odoi alisema kwa ukali, kisha akashusha sauti kwa kuwa wageni walikuwa dirishani. "Pole ya mtoto. Peleka hospitali. Lakini mama yangu atazikwa akiwa mzuri." Akainyoosha simu yake mbele ya uso wa Nereah. "Tena uko hapa, ni vizuri. Bango halijapelekwa kuchapwa Tororo. Ona, nakutumia tena, hapa kwa shavu iko na kivuli. Toa. Halafu nipige na mimi, ya programu ya mazishi. Nitoke vizuri, madam, eh? Usinitoe kama picha ya polisi."

Kile alichokiita kivuli kilikuwa kishimo cha Cate.

Nereah aliinuka. Mikono yake ilikuwa na adabu yake. Akafuta lenzi. Akamgeuza Odoi aupe mlango uso wake, akainua simu usawa wa macho, akapiga. Nuru ilikuwa ileile, ya upande uleule. Mashavu ya Odoi yalikuwa yamenyolewa vizuri, yamepakwa mafuta, hayana doa.

Akaketi kwenye kiti cha plastiki pembeni ya hema, Cate akihema juu ya mapaja yake, na kwa muda mrefu akaitazama picha yake mwenyewe, aliyojipiga zamani, akijua kwamba mama wa kweli angechukua shavu lake na kulitoa bila kuuliza. Akafikiria ni nani basi angemwosha mtoto huyu, ni nani angesimama mlangoni na kitambaa puani. Kisha, polepole, kama mtu afumbaye macho mbele ya kisima, akaifunga picha yake na kuifungua ya Odoi. Hakuna aliyemlazimisha. Aligusa shavu lile safi. Kisha akaligusa shavu la marehemu, na kioo, ambacho kwa miaka yote kilikuwa kigumu na baridi chini ya kidole chake, kikawa na joto, kikawa laini, kikazama kama ngozi ya embe lililooza, kidole kikaingia hadi kwenye ukucha, ndani ya kitu kilicholowa na chenye mapigo, na huko ndani, bila haraka, ncha ya kidole kingine ikaigusa ya kwake.

Akabonyeza kutuma.

"Sasa hii!" Odoi alisema kwa sauti kutoka sebuleni. "Sasa hii ndiyo mama yangu!" Akaituma kwa mchapaji, akaiweka kwenye stetasi, akawatumia ukoo wote waondoe ile ya kwanza.

Chini ya leso kitu kilianguka, kikavu, chepesi kama ganda la njugu. Cate akajinyoosha, akapiga miayo. "Mama, nataka nyama," alisema. Shavu lake lilikuwa jekundu na zima, ila kishimo hakikurudi.

Nereah alikuwa akimfunga mtoto mgongoni apate kuondoka alipomwona Odoi akija, akiwapita wageni bila kuwasalimu, kiganja kimefunika upande wa kushoto wa uso.

"Madam," alisema kwa sauti ya chini, sauti ya mtoto. Akaondoa kiganja. "Hebu niangalie hapa. Wewe unajua mambo ya nyuso. Iko na kitu?"

Nereah aliangalia. Aliangalia vizuri, kama alivyoangalia kila uso uliowahi kupita mikononi mwake.

"Hakuna kitu, mzee," alisema. "Ni kivuli tu."

Kisha akaugeuza uso wake upande wa pili, kwa sababu harufu ilikuwa imeanza.